Naomba ushauri: vijana wasio na makazi wanaogopa msaada wa kisheria

Ndugu zangu, mimi ni msaidizi wa kisheria. Pamoja na wenzangu watatu tunajitolea kuwasaidia vijana wanaolala nje. Tulianza kwa kuwakaribisha ofisini. Wakaja wawili tu. Sasa tunawafuata usiku huko waliko, lakini wakiona kalamu na karatasi wanatudhania askari. Siwalaumu, wengi wamewahi kukamatwa kwa uzururaji.

Kinachoniumiza zaidi ni vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti kijana anashindwa kuthibitisha umri wake, na anaweza kushtakiwa kama mtu mzima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 37, unataka kumfunga mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa, na apate msaada wa kisheria haraka. Huo unawahusu walio chini ya miaka 18. Aliyetimiza 18 juzi nimwambie nini?

Mliowahi kufanya kazi hii, mlijengaje imani yao? Kumtanguliza kijana aliyewahi kuishi mtaani kulisaidia? Na nyaraka zao mlizitunza wapi, maana wakibaki nazo huibwa au huloa mvua?