Henry wa Tano pale Agincourt: upinde ndio uliomshindia, au tunadanganyana?

Msomi wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi kijiweni umegoma kuisha. Upande mmoja unasema mfalme Henry wa Tano wa Uingereza aliwapiga Wafaransa pale Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1415 kwa sababu moja tu, upinde mrefu. Mishale ikatoboa chuma, mabwana wakubwa wakaanguka kama kuku wa kideri, mchezo ukaisha. Sisi wa upande wa pili tunauliza: kama upinde ulikuwa na nguvu hizo, mbona baada ya ushindi alipanda meli akarudi kwao badala ya kwenda Paris? Mwenye data amwage hapa. Mambo ya Simba na Yanga tuyaache nje.

Bahari Beach 77

Mkuu, anzeni na ardhi kabla ya upinde.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba lililolimwa na kupandwa ngano siku si nyingi, limebanwa na misitu miwili, wa Agincourt huku na wa Tramecourt kule. Nafasi ya katikati ni yapata kilometa moja au pungufu. Usiku wa kuamkia Oktoba 25 mvua ikanyesha kwelikweli. Anayelijua tope la bonde la Jangwani maji ya masika yakishapita anajua habari yake: mguu unatoka, kiatu kinabaki. Sasa mvishe mtu huyo deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, ya kilo 20 na ushee, mfunike kofia ya chuma yenye matundu ya kuchungulia tu, halafu mwambie atembee mita 250 huku ameinamisha kichwa mshale usimwingie machoni.

Henry aliwapanga askari wa deraya katikati, kwa miguu, na wapiga mishale wengi pembeni. Kila mpiga mishale alibeba mti wake wa futi 6, umechongwa ncha pande zote mbili. Amri ya kukata miti hiyo ilitoka njiani, siku kadhaa kabla, baada ya kupata fununu kwamba Wafaransa wamepanga kuwakanyaga wapiga mishale kwa farasi. Mti unapigiliwa ardhini ukilalia upande wa adui, ncha ya juu ikimsubiri farasi kifuani.

Asubuhi majeshi yalikaa saa kadhaa yakitazamana. Wafaransa hawakuwa na haraka, kwa sababu njaa ilikuwa kwa mwenzao. Ndipo Henry akaamuru jeshi zima ling'oe miti, lisogee mpaka adui awe ndani ya upeo wa mshale, kisha lipigilie upya. Kwangu mimi hizo ndizo dakika za hatari kuliko zote siku ile: miti iko mikononi, safu haijakaa sawa. Farasi wangekuja wakati huo, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Hawakuja. Sehemu ya wapanda farasi walikuwa wametawanyika, wengine wanawapasha farasi misuli.

Walipokuja, walikuja pungufu. Misitu iliwazuia kuzunguka ubavuni, wakaivaa miti uso kwa uso. Farasi waliochomwa mishale wakageuka na kurudi mbio katikati ya wenzao waliokuwa wanakuja kwa miguu, na tope likazidi kuvurugwa. Safu ya kwanza ikawafikia Waingereza imeishiwa pumzi, ya pili inaisukuma kwa nyuma. Ni mlango wa daladala la Mbagala saa 12 jioni, mtu hana nafasi hata ya kuinua mkono wenye upanga. Anayeanguka hainuki, na si kwa uzito wa chuma chake, ni kwa watu wanaomwangukia. Hapo wapiga mishale, wepesi, wengi bila deraya, wakatupa pinde na kuingia na mashoka, nyundo na visu.

Fundi Chuma Gerezani

Niongezee hapo pa kutoboa chuma, maana ndipo penye hadithi nyingi.

Upinde ule ni mti mmoja wa yew (mti wa Ulaya, mgumu na unaopindika), urefu sawa na mtu au kumzidi. Pinde zilizoopolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, nyingi zinakadiriwa kutaka nguvu ya kilo 45 hadi 80 kuzivuta. Ni za miaka 130 baadaye, sawa, lakini zinatupa picha. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Uvute kwa vidole, mara kumi kwa dakika. Kazi hiyo hajifunzi mtu mzima kwa wiki mbili, ndiyo maana Wafaransa hawakuweza kuiga upesi.

Ila bati zuri la kifuani, lililopashwa moto na kupozwa na fundi anayejua, lina mgongo katikati na limejipinda ili ncha iteleze. Mshale ukija kwa ulalo kutoka mbali, unaparuza na kupita. Pabaya ni kwenye matundu ya kofia, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya goti, mabati membamba ya mikono, na chuma cha bei rahisi. Halafu farasi, ambaye hakufunikwa mwili mzima.

Na pigeni hesabu. Bunda moja lilikuwa mishale 24. Kwa kasi ya 10 kwa dakika, limekwisha kabla ya dakika ya tatu. Wapiga mishale 5,000 wenye bunda mojamoja ni mishale 120,000, na yote inaweza kumalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa hiyo ile "mvua ya mishale ya saa nzima" haipo, hata ukiongeza mabunda ya akiba. Mshale ulikuwa na kazi mbili: kumchokoza adui aondoke mahali pake, na kumsukuma kutoka pembeni aingie katikati abanane. Tope na msongamano vikamaliza.

Shehena yenyewe haikushuka mbinguni. Mwaka 1417 Henry aliagiza masherifu, maofisa wake wa mikoani, wakusanye manyoya 6 ya bawa kutoka kwa kila bata bukini, ya kuwekea mishale.

Binti Kisutu

Kaka zangu, idadi mmeiruka. Waingereza wanakadiriwa 6,000 hadi 9,000, na karibu watano kati ya kila sita ni wapiga mishale. Wafaransa ndipo wanahistoria wanapogawanyika, kuna wanaosema 12,000 na wanaosema zaidi ya mara mbili ya hapo. Kijiweni semeni walikuwa wengi zaidi, muishie hapo, msije mkakamatwa.

Jingine ni amri. Mfalme Charles wa Sita wa Ufaransa alikuwa na maradhi ya akili, hakuwepo vitani. Makamanda wake, Charles d'Albret na Boucicaut, walikuwa na vyeo na uzoefu, lakini hawakuwa na ubavu wa kuwaweka nyuma mabwana wa damu ya kifalme, kila mmoja anataka safu ya kwanza. Wenye pinde za mtambo, zile za kufyatua kwa kifyatulio, wakawekwa nyuma, wasione hata pa kulenga. Upande wa pili aliyeamuru alikuwa mmoja.

Na msimpambe sana. Mateka wakiwa wengi na safu ya tatu ya Wafaransa bado imesimama, aliamuru wauawe. Askari wake walisita, kila mateka alikuwa fidia inayotembea. Hilo nalo ni Agincourt.

Msomi wa Temeke

Ahsante sana dada, hilo la mateka kijiweni halijawahi kutajwa. Bado swali la Paris. Pia kuna anayesema Henry alikuwa na kovu la mshale usoni, ni kweli?

Karani Mstaafu

Mwanangu, hakwenda Paris kwa sababu hakuwa na jeshi la kwenda Paris.

Alitweka kutoka Southampton Agosti 11, akashuka karibu na Harfleur, pale mto Seine unapoingia baharini, akauzingira mji. Ukamkalia wiki tano, ukasalimu amri Septemba 22. Mizinga inabomoa ukuta mchana, wenyeji wanaziba usiku kwa magogo na udongo. Kilichomuumiza zaidi ni kuhara damu. Kambi kwenye majimaji, joto la Agosti, vyoo na maji ya kunywa havitengani. Watu wa mabondeni hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Wagonjwa walirudishwa kwa meli, askari 1,200 wakaachwa kulinda mji, na Oktoba 8 akaondoka na waliobaki kwenda Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1347.

Walibeba chakula cha siku 8. Kwa mstari ulionyooka ni kama Dar hadi Morogoro na kidogo. Lakini kivuko cha Blanchetaque kwenye mto Somme kilikuwa kimezibwa, ikabidi waufuate mto kuelekea juu, madaraja yamevunjwa, mpaka Oktoba 19 walipovuka karibu na Béthencourt na Voyennes. Safari ikawa karibu kilometa 400. Jeshi lililoshinda Agincourt, kwa ufupi, lilikuwa linakimbilia nyumbani.

Halafu mshahara. Kila nahodha aliandikiana mkataba na mfalme kwenye ngozi moja, maneno yaleyale mara mbili, kisha ngozi ikakatwa kwa mkato wa menomeno. Kila mmoja anabaki na kipande; ukizuka ubishi, vipande vinaunganishwa, meno yasipokutana kuna aliyeghushi. Mpiga mishale peni 6 kwa siku, askari wa deraya wa kawaida peni 12. Malipo ni ya robo mwaka, kabla. Siku 91 mara peni 6 ni peni 546, yaani pauni 2, shilingi 5 na peni 6, kwa mtu mmoja. Zidisha kwa maelfu. Dhamana ya robo ya pili ikawa vito na vyombo vya thamani vya mfalme, vikawekwa rehani kwa manahodha. Vingine vilikombolewa yeye keshakufa.

Ufaransa aliichukua baadaye, na kwa mtindo mwingine. Agosti 1417 alishuka Touques, akaanza kula Normandy, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa, mji mmoja baada ya mwingine: Caen, Falaise wakati wa baridi, kisha Rouen kuanzia mwisho wa Julai 1418. Pale Rouen hakuupanda ukuta. Alikwishateka Pont-de-l'Arche kwa juu ya mto, akaufunga Seine kwa minyororo, akangoja. Mji ukawatoa nje maskini wake kupunguza midomo. Henry akakataa wapite, wakafia handakini katikati ya ukuta na kambi. Januari 1419 Rouen ikafungua milango. Septemba mwaka huohuo Dyuki wa Burgundy akauawa kwenye daraja la Montereau na watu wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, mtoto wa Dyuki huyo akaenda upande wa Henry, na Mei 21, 1420 ukasainiwa mkataba wa Troyes: Henry amwoe Catherine, binti wa Charles wa Sita, na arithi kiti cha baba mkwe. Hakuna mpiga mishale aliyefanya hilo.

Binti Kisutu

Kovu ni kweli. Kwenye vita vya Shrewsbury, Uingereza, Julai 1403, akiwa kijana wa miaka 16, mshale ulimwingia pembeni ya pua. Wakavuta uti, ncha ikabaki ndani, kina cha kama sentimita 15. Daktari John Bradmore alipanua kidonda kidogokidogo kwa vijiti vilivyozungushiwa kitambaa na kupakwa asali, akatengeneza koleo jembamba lenye skrubu katikati: linaingia kwenye tundu la ncha, unazungusha, linatanuka na kung'ang'ania, unavuta. Kisha akaosha kwa divai nyeupe. Siku 20 baadaye kidonda kikawa kimepona.

Fundi Chuma Gerezani

Mzee Karani, nakubali kuhusu Troyes. Ila wanaotaka kuutupa upinde kabisa nao wasome vita vya Baugé, Ufaransa, Machi 22, 1421. Henry yuko Uingereza, mdogo wake, Dyuki wa Clarence, amepata habari kwamba jeshi la Wafaransa na Waskoti liko karibu. Hakuwasubiri wapiga mishale, waliokuwa wametawanyika kutafuta chakula. Akaenda na wapanda farasi tu, wakabanwa kwenye kuvuka daraja, akauawa yeye na mabwana kadhaa. Wapiga mishale walifika baadaye na Salisbury, kamanda mwingine wa Waingereza, wakati wa kubeba maiti yake.