Digrii ya historia ya sanaa kwa mtandao: kuna aliyeisoma akiwa huku kwetu?

Mtembezi wa Forodhani

Wakuu, salaam. Natembeza wageni hapa Unguja, nina kidato cha sita cha HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nimeshikwa na hamu ya kusoma digrii ya historia ya sanaa. Kazi siwezi kuiacha, kwa hiyo natazama vyuo vya nje vinavyofundisha kwa mtandao.

Kilichonisukuma ni milango. Kila siku nasimama na wageni Mji Mkongwe, naeleza kama nilivyoelezwa na walionitangulia: wenye kichwa kilichonyooka ni wa Kiarabu, wenye upinde juu ni wa Kihindi, na ile miiba ya shaba ni ya kuzuia tembo. Msimu uliopita mama mmoja wa Kibelgiji akaniuliza kwa upole, "Kwani hapa kulikuwa na tembo?" Tukacheka wote, lakini hakuniachia. Akataka kujua mlango ule alichonga nani, alilipa nani, na sisi tumejuaje. Mwaka niliokuwa na uhakika nao ni wa lile jumba la Beit al-Ajaib tu, 1883, nao haukuwa mlango tuliosimama mbele yake.

Sasa naulizia: masomo yenyewe yakoje? Intaneti yetu hii itatosha? Cheti kitatambulika? Na nikimaliza nitakula nini?

Fundi wa Mbagala

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo ungeanza nalo. Ada ya huko, tuseme Uingereza, inahesabiwa kwa pauni. Hela hiyo nunua bodaboda mbili, uwape vijana, jioni wakuletee hesabu. Picha utazitazama bure huku umekaa.

Mama Kunduchi

Kaka Mtembezi, Fundi kwenye hela ana hoja, usimpuuze. Ila bodaboda hazitakujibia yule mama wa Kibelgiji.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari, Dar. Nasoma digrii hiyo hiyo kwa chuo kimoja cha Uingereza, nimeshavuka nusu. Chuo changu sitakitaja maana nitakisema kidogo.

Kwanza, ondoa wazo kwamba utakaa unatazama vitu vizuri. Utaandika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja juu ya picha moja, na masharti yalikuwa mawili: usisimulie maisha ya mchoraji, usiseme picha inapendeza. Eleza kilichopo: mwanga unatokea upande gani, nani kasimama mbele, macho yako yanaanzia wapi na yanapelekwa wapi. Mimi nimefundisha miaka mingi, nikaona hii ni ya watoto. Ikarudi, na pembeni ya karibu kila aya mkufunzi kaandika swali lile lile: hili umeliona au umelisoma? Nilinuna. Siku hizi nawaandikia wanafunzi wangu hivyo hivyo.

Pili, skrini inadanganya, na hili hawalisemi kwenye matangazo yao. Kuna wiki tulipewa kulinganisha Utatu Mtakatifu wa mchoraji Masaccio, uliochorwa ukutani katika kanisa la Santa Maria Novella, Florence, karibu na 1427, na picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434 ya yule bwana Arnolfini na mkewe. Kwenye laptopu zote mbili zinalingana. Nikachukua futi na chaki, nikaenda ukuta wa nyuma wa nyumba. Ya Van Eyck ni sentimita 82 kwa 60, ikakaa pale kama kidirisha cha jikoni. Ya Masaccio ina urefu wa zaidi ya mita 6 na nusu, ukuta wangu ukaisha kabla picha haijafika nusu. Jirani akaniuliza kama naongeza ghorofa. Baada ya hapo nilichoandika kilibadilika kabisa: ile moja unaikaribia kama unachungulia chumba cha watu, nyingine inakutaka urudi nyuma na uinue shingo. Kwa hiyo futi ni kifaa cha masomo, nunua. Makumbusho makubwa huandika vipimo chini ya kila picha, na wengi wanaoanza huviruka.

Tatu, muhtasari. Wangu ulianza Ugiriki, ukaenda Roma, ukakaa Italia mpaka nikazizoea njia za Florence ambako sijawahi kukanyaga. Afrika ilipoingia iliingia kwa mlango wa mchoraji Picasso, Paris, 1907, vinyago vikiwa vimewekwa makumbusho bila jina la aliyechonga. Mchoraji wetu Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, hakutajwa hata mara moja, wakati picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Kwa hiyo kabla ya kulipa omba orodha ya masomo ya miaka yote, na uulize kama kazi ya mwisho unajichagulia mada. Mimi nimechagua makaburi ya nguzo ya hapa Kunduchi, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina. Sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya mviringo, na kumbe hata shimo linapimika na kuandikiwa.

Kuhusu muda: digrii ya Uingereza ni krediti 360, na krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma. Ukichukua 60 kwa mwaka ni miaka 6, na kila wiki ya masomo inakula saa 16 mpaka 18. Semina ya saa moja jioni ya kwao, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa nne usiku. Zikirekodiwa utasikiliza baadaye, lakini mwenye kuuliza ndiye anayefaidi. Intaneti inatosha ukijipanga: pakua masomo yako usiku kwa bando la bei nafuu, na picha kubwa fungua ile unayoiandikia tu. Simu peke yake haitoshi.

Cheti: kabla hujatoa hata shilingi, waandikie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), uwatajie chuo na useme wazi kwamba unasoma kwa masafa. Jibu lao likija, lichapishe ulitunze.

Wa Kisauni

Dada Mama Kunduchi amesema kweli, lakini mimi nitampinga kidogo. Natembeza wageni Fort Jesus, Mombasa, kazi moja na ndugu Mtembezi. Mbona arukie digrii ya miaka sita? Aanze na kozi za bure. Open University ya Uingereza, ile iliyoanzishwa 1969, ina OpenLearn, tovuti yake ya kozi za bure, mna masomo ya sanaa humo na hulipi kitu. Tovuti ya Smarthistory pia ni bure, imeandikwa na watu waliobobea. Mimi nilipita njia hiyo na imenifaa kazini. Pale ngomeni kuna michoro ya meli iliyoachwa ukutani na Wareno. Zamani nilikuwa nawapitisha wageni mbio, "hii ni michoro ya wanajeshi, twendeni." Sasa nasimama. Naanza na tanga, namna lilivyochorwa na mtu aliyejua kamba ipi inafungwa wapi, halafu nawaachia wao waseme mchoraji alikuwa mtu wa aina gani. Wageni wanapenda kuulizwa kuliko kuhubiriwa.

Na kwa kazi, tusidanganyane: makumbusho zetu hutafuta zaidi watu wa akiolojia na uhifadhi. Historia ya sanaa peke yake itakusumbua.

Mtembezi wa Forodhani

Shukrani sana wakuu. Dada, nimekuelewa kwenye futi, nimecheka peke yangu. Sasa nianze na digrii au na za bure? Na hao tembo niwaache?

Mama Kunduchi

Wa Kisauni kanishinda kwenye kuanza, sibishani. Chukua kozi moja ya bure kwanza. Ukijikuta unairuka kila usiku kwa sababu umechoka na wageni, pauni zako zitakuwa zimepona. Ila ukitaka kupanda, ufundishe chuo au uingie ofisi ya mambo ya kale, vyeti vya bure havitakufikisha, hapo ndipo digrii inapohitajika, na uiambatanishe na uhifadhi kama alivyosema. Wewe una nafuu moja ambayo mimi sina: kazi unayo tayari na somo liko njiani kwako kila asubuhi. Open University hawadai matokeo ya awali kuingia digrii zao nyingi, ila waulize kwanza kama somo unalotaka wanalitoa kwa aliyeko Tanzania.

Tembo waache waende zao India, huko ndiko hadithi hiyo ilikotoka, miiba ya milangoni ikizuia tembo wa vita. Unguja ile shaba ilikuwa pambo na fahari ya mwenye nyumba. Wageni wasimulie hadithi yenyewe pia, ila waambie kuwa ni hadithi.

Na usisubiri chuo. Chagua mlango mmoja, usiwe maarufu, nenda asubuhi kabla ya wageni ukiwa na futi. Pima kimo na upana, hesabu miiba, andika kilichochongwa kwenye fremu kuanzia chini kwenda juu: samaki, yungiyungi, mnyororo, chochote utakachokikuta, na palipolika au kuzibwa useme pamelika. Ukurasa mmoja. Jina la mwenye nyumba liulize mwisho, ukishamaliza kutazama. Ukimaliza uweke hapahapa, nami nitakuandikia pembeni.

Fundi wa Mbagala

Mimi ni seremala kwa kweli. Akiweka na picha ya maungio ya fremu, nitamwambia kama mlango ni wa kale au umefanyiwa ukarabati juzi.