Kampeni za michezo ya mikakati zinatudharau sisi wachezaji wa jioni

Ndugu zangu wapenzi wa michezo ya mikakati ya kompyuta, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya nimetulia. Nimemaliza kampeni, yaani ule mfululizo wa misheni unaoucheza peke yako dhidi ya kompyuta, ya mchezo ambao niliungoja hadi bei yake ikapunguzwa, nikaupakua usiku hapa Kisumu kwa bando lililoniumiza mfuko, na nilipoianza kampeni hiyo kwa mara ya pili nikagundua kwamba sichezi tena. Ninakariri. Jina la mchezo sitalitaja, wala la kampuni, kwa kuwa kasoro hii haikuanzia kwao, na wakilaumiwa peke yao wenzao watapumua.

Chukueni misheni ya daraja, ambayo mara ya kwanza ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Askari farasi wa adui hutokea upande wa kaskazini mara tu mtu wako wa kwanza anapokanyaga ng'ambo ya mto. Hawaji kwa sababu wamekuona, wala kwa sababu kompyuta imepima nguvu zako ikaona pa kupiga. Wamewekwa pale wasubiri alama fulani ardhini ikanyagwe, basi. Mara ya kwanza nilipoteza wapiga mishale wote nikabaki nacheka. Mara ya pili niliwapanga wenye mikuki kaskazini kabla ya kuvuka, nikamtuma mwanakijiji mmoja asiye na hata rungu avuke peke yake, farasi wakaja mbio wakafia kwenye mikuki, na misheni nzima ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Hapo akili yangu haikufanya kazi yoyote isipokuwa kukumbuka. Kampeni nzima imejengwa hivyo, kuanzia kijiji kinachochomwa katika misheni ya pili hadi mshirika anayekusaliti karibu na mwisho, ambaye mara ya pili unamwona tu jinsi anavyokujia na zawadi ukatamani kumfungia lango, lakini mchezo haukuruhusu.

Watengenezaji wana jibu lao, nalo linanikera kuliko tatizo lenyewe. Ukimaliza kampeni wanakufungulia kiwango kigumu zaidi na kukutangazia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kurudi. Nimekijaribu. Farasi ni wale wale, mahali ni pale pale, ila sasa wako wengi na kila mmoja anahitaji mapigo mengi zaidi ili aanguke. Njia hii ya mkato ina umri mrefu, na hata michezo mikubwa huitumia: katika Civilization VI ya mwaka 2016, kiwango cha juu kabisa kiitwacho Deity hakimpi adui akili ya kukuzidi, bali humwanzisha akiwa na walowezi watatu wa kuanzisha miji wakati wewe una mmoja, pamoja na nyongeza nyingine za uzalishaji. Lakini kule angalau ramani ni mpya kila unapoanza, kwa hiyo hata mtu anayecheza katika kiwango chepesi ana jambo la kugundua. Katika kampeni ambayo kila tukio limeandikwa mapema na kugandishwa, ugumu ni kuongezewa uzito wa mzigo ule ule katika njia ile ile.

Na mzigo huo anabebeshwa nani? Tunaposema mchezaji wa kawaida tunamaanisha mwalimu wa Kakamega aliyemaliza kusahihisha madaftari saa tatu usiku, au muuguzi wa Nakuru aliyetoka zamu na anataka kufikiria kitu kisichokuwa na damu ya kweli. Tunamaanisha pia kijana anayelipia saa moja kwenye saiba kule Kondele, anayeacha kampeni yake katika mashine namba fulani karibu na dirisha, akirudi kesho anakuta mtu mwingine ameikalia, naye analazimika kuanza upya katika mashine nyingine, yaani kurudia misheni tatu za mwanzo ambazo ni mafunzo ya kubofya mwanajeshi na kumwonyesha njia. Mafunzo hayo hayarukwi. Filamu fupi za kabla ya misheni nazo hazirukwi hadi zipakie zote. Tena mchezo huu huhifadhi maendeleo yako misheni inapoisha tu, na misheni moja inaweza kuchukua dakika arobaini; stima ikipotea katika dakika ya thelathini na tano, jambo ambalo hapa kwetu halihitaji mvua kubwa, umerudi sifuri. Mtu wa namna hiyo ndiye anayerudia kampeni kuliko yeyote, iwe kwa kupenda au kwa kulazimika, na ndiye ambaye hakufikiriwa hata kidogo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hili si fumbo lisilo na ufumbuzi. Dune II, mchezo wa mwaka 1992, ulikupa koo tatu za kuchagua, na baina ya misheni ukakuwekea ramani uchague eneo la kushambulia. Command & Conquer ya mwaka 1995 ilikuonyesha ramani ya Ulaya au ya Afrika kulingana na upande wako, ikakuuliza mara kwa mara utaingilia nchi gani, hivyo kuna misheni ulizozipita bila kuziona, na hamu ya kuziona ndiyo iliyokurudisha. Toleo lake lililokarabatiwa mwaka 2020 likaongeza orodha ya kuchagua misheni moja kwa moja. Kompyuta za miaka hiyo ya tisini hazikuwa na nguvu ya simu iliyo mfukoni mwangu, na bado zilikupa njia panda. Leo napakua makumi ya gigabaiti ili nipewe barabara moja yenye kuta pande zote mbili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Into the Breach ya mwaka 2018, ambao uwanja wake wa vita ni miraba minane kwa minane tu. Adui anakuonyesha mapema atapiga wapi, na kazi yako ni kumsukuma apige pengine, hata ampige mwenzake. Kikosi cha roboti za vita unachoanza nacho hubadilisha kabisa namna ya kufikiri. Kubwa zaidi kwa watu wa jioni kama sisi ni kwamba ukishaviokoa visiwa viwili unaweza kwenda kwenye pambano la mwisho, au uendelee hadi vitatu, au vyote vinne, kwa hiyo urefu wa kampeni unaamuliwa na muda ulio nao. Hata ukishindwa, unaruhusiwa kumchukua rubani mmoja na ujuzi wake ukaanze naye tena. Kile ni kichwa cha mtu aliyejiuliza mchezaji atarudi vipi. XCOM ya mwaka 2012 nayo ilikuuliza mwanzoni utaweka makao yako bara gani, na kila bara lilikuwa na faida yake. Aliyechagua Afrika alipata nyongeza ya asilimia 30 katika fedha za kila mwezi, nami sikuwahi kuchagua kwingine.

Tena kuna dawa ya bei rahisi kuliko zote, nayo ni kumruhusu mchezaji avuke aende upande wa pili. Dark Crusade ya mwaka 2006 iliweka majeshi saba katika sayari moja na ramani moja, ukachagua jeshi lako na mahali pa kuvamia. Wachoraji hawakuchora sayari saba. Sasa tazameni Age of Empires II, ambayo katika nyongeza yake ya mwaka 2015 kuhusu falme za Afrika ilituletea kampeni ya Francisco de Almeida, na unamwongoza yeye, Mreno aliyeipora na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Sigombi na historia kuchezwa, na mchezo huo kwa jumla umetutendea haki kuliko mingi. Ila niambieni ni Mkenya gani ambaye angekataa kurudi kwa mara ya pili akiwa upande wa Mombasa, ajaribu kuulinda mji dhidi ya merikebu zile zile zilizokwisha kuchorwa.

Najua kuna atakayeniambia niache kampeni nikacheze na watu mtandaoni, kwa sababu binadamu hakaririki. Nimekwenda. Seva iko ng'ambo, agizo langu linafika baada ya mapigano kuamuliwa, na mpinzani ni mtu anayebofya kama cherehani huku akinitukana katika lugha nisiyoijua. Kampeni niliinunua ili nicheze kwa mwendo wangu, nisimamishe mchezo mtoto akiniita, niendelee baadaye.

Kwa hiyo madai yangu kwa wanaotengeneza michezo hii ni ya kawaida sana. Adui awe na pande mbili au tatu anazoweza kutokea, na mchezo uchague kila unapoanza. Tuhifadhi popote. Mafunzo na filamu virukwe na mtu aliyekwisha kuvipitia. Kuwe na kampeni fupi ndani ya ile ndefu. Na msinifungulie kiwango kigumu mkakiita maudhui mapya, maana huko ni kuniuzia bidhaa moja mara mbili.

Wenzangu wa Kisumu, Eldoret, Bungoma na kwingineko, wengi wenu mtakuwa mmeshautambua mchezo ninaousema kutokana na lile daraja. Aliyeimaliza kampeni yake mara mbili anitajie misheni moja tu iliyomwendea tofauti bila yeye mwenyewe kujilazimisha kucheza vibaya. Nikiipata, nitanunua bando leo usiku niupakue upya.