Silaha gani mpya ungeiongeza kwenye gemu za kurushiana risasi? Tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu, kila sasisho likitoka watu huulizana bunduki mpya inapiga kwa nguvu gani. Mimi huuliza anayepigwa nayo atajiokoaje. AWP, bunduki ya kudungulia kutoka mbali ya gemu ya Counter-Strike, ikikupata kifuani umekwisha, ila ya mguuni unaweza kupona. Bei yake ni dola 4,750 za humo humo kwenye gemu, na mwenye nayo akikosa, unamfuata kabla hajakoki tena. Tunailaani, lakini tumeizoea. Infinity Blade ya Fortnite, Desemba 2018, ilikuwa balaa tupu: upanga mmoja unakupa nguvu, mwendo na afya. Waliuondoa baada ya siku chache tu.

Yangu ni bunduki ya waya. Unarusha waya unaong'aa, unamnasa adui, na anaumia polepole maadamu unamwona. Akikata kona, waya unakatika. Asipokimbia, anaufuata huo huo waya hadi ulipojificha. Leteni zenu.

#2
Mimi ni mtu wa kujibanza, mnisamehe. Nataka kinasa nyayo: unakitega chini, kinarekodi hatua zako, halafu unakitupa chumba kingine kikazirudie. Kuna jamaa hucheza upande wa pili, masikio yake kama popo. Nikiwa juu ya ngazi hasogei, anangoja nikanyage ubao tu. Huyo ndiye ninayemtaka ageuze mtutu kwenye chumba kitupu.

#3
Mkuu #2, akisikiliza vizuri atakubaini. Nyayo za uongo hazibadilishi risasi wala hazisimami kuchungulia.

#4
Vijana, mnaijua Shock Rifle ya Unreal Tournament ya 1999? Kitufe kimoja kinatoa mwali, kingine kinatoa tufe linalokwenda taratibu. Ukilipiga tufe kwa mwali linalipuka na kufagia waliolizunguka. Uhondo wake ni kuliachia lipite mlangoni, unasubiri wajae, ndipo unafyatua. Mimi ningeigawa kwa watu wawili: mmoja anatoa tufe, mwenzake anabeba mwali. Nimecheza sana na mdogo wangu na kila mtu hukimbilia kuua peke yake. Hii ingetulazimisha kuongea.

#5
Sihitaji silaha mpya. Kikaango cha PUBG kinanitosha. Ukikining'iniza nyuma kinazuia risasi, na ule mlio wa "ting!" mtu akikulenga matakoni hauna mfano. Kama ni lazima muongeze kitu, basi kiwe na raha ya namna hiyo.

#1 (mleta mada)
#4, wazo tamu, ila ukipangwa na watu usiowajua utabaki unarusha matufe ya mapambo. Ningeruhusu tufe lilipuliwe na mwali wa yeyote, hata adui. Hapo mrushaji naye analiogopa tufe lake mwenyewe.

#6
Mleta mada, hiyo ya waya umewasahau wenye intaneti ya kusuasua. Gemu nyingi, seva (kompyuta kuu inayoendesha mechi) hurudisha saa nyuma kidogo ili ihesabu kile alichokiona mpigaji. Ndiyo maana unakufa ukiwa umeshaingia nyuma ya ukuta. Risasi moja tunavumilia. Waya unaoumiza mfululizo utaendelea kunitafuna kona nimeshaipita zamani. Nimeshakufa hivyo mara nyingi kwa bunduki za kawaida, hiyo yako ndiyo itanifanya nivunje kibodi.

#1 (mleta mada)
Hapo umenishika. Basi waya ukatike kwa hesabu ya anayekimbia, siyo ya mpigaji: kwenye skrini yake akishapita kona, umekatika. Najua wenye shabaha watapiga kelele kwamba walikuwa bado wanamwona. Wapige tu, wao wana bunduki nyingine zote.