Naomba ushauri: digrii ya elimu maalumu, inalipa?

Salamu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa P1 (cheti cha ualimu wa shule za msingi) hapa Mombasa, shule ya msingi upande wa Likoni, na nafikiria kusomea digrii ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Gharama ndiyo inaninyima usingizi. Kwenda vyuo vikuu vya Kenyatta au Maseno ni nauli, chumba na chakula juu ya karo, nami nina watoto wanaosoma. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao una riba. Mwenzangu anasema nianze na diploma ya KISE (Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya), ambayo mwalimu anaweza kuisoma akiwa kazini.

Moyo wangu uko huko kweli. Darasani nina mtoto asiyesikia vizuri. Nikigeuka kuandika ubaoni haoni tena midomo yangu, basi hunyoosha shingo kwenye daftari la jirani yake. Anajitahidi mno, na sitaki kuendelea kubahatisha naye.

Mliosoma, hebu niambieni: TSC, tume inayoajiri walimu, waliwapandisha daraja kwa cheti cha elimu maalumu, au mlikaa palepale mpaka nafasi itangazwe? Shule kama ile ya wasioona ya Likoni au ya viziwi ya Ziwani, diploma inatosha? Na mtu akichagua tawi moja, mathalani elimu ya viziwi, anajifungia milango mingine?

Mimi naegemea diploma kwanza, ila naogopa kulipa mara mbili. Nishaurini, hasa mliosoma huku mnafundisha. Shukrani sana.