Grafini hushikana vipi na lipidi?

Swali: Nimesoma kwamba karatasi ya grafini (tabaka moja tu la atomi za kaboni), yenye unene wa takriban nanomita 0.34, inaweza kunyofoa lipidi (molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, ambazo huunda utando) kutoka kwenye utando wa bakteria. Je, kinachoishikilia lipidi ni nini, ilhali grafini haina chaji? Na kitu kigumu kiasi hicho hukunjikaje juu ya utando laini?

Jibu la 1: Chaji haihitajiki. Mikia ya lipidi hukwepa maji, na uso wa grafini ni tambarare kabisa, kwa hiyo mkia unaolala juu yake hugusana na atomi nyingi za kaboni kwa mara moja. Mvuto wa van der Waals (mvuto mdogo kati ya atomi zilizo karibu sana) wa kila mguso ni hafifu, lakini ukijumlishwa, na maji yakiwa yamefukuzwa kati yao, mshikamano unakuwa mkubwa. Ndiyo maana lipidi hulaza mikia kwenye grafini na kuacha vichwa vielekee majini.

Jibu la 2: Kuhusu ugumu, tutenganishe mambo mawili. Kuivuta grafini ni kazi ngumu mno (moduli yake, yaani kipimo cha ukinzani wake dhidi ya kuvutwa, ni takriban terapaskali 1), ila kuikunja si hivyo: ugumu wake wa kukunjika ni kama elektronivolti 1.4 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati), huku wa utando wa lipidi ukiwa karibu 0.5. Kwa hiyo zote mbili hujipinda.

Muuliza swali: Na oksidi ya grafini?

Jibu la 2: Hiyo ina vikundi vya oksijeni na chaji hasi, hivyo vichwa vya lipidi navyo huhusika, na aina ya chumvi iliyomo majini hubadilisha matokeo.