Nyumba ya kiongozi: iachiwe familia au iwe makumbusho ya umma?

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tulijadili hili kwa hoja, bila matusi.

Bondo, nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga pana kaburi lake na makumbusho. Maralal imehifadhiwa nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa. Butiama, watani zetu wana makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Sisi mgeni akija tunampeleka Ngomeni, yaani Fort Jesus, kazi ya Wareno iliyoanzwa mwaka 1593, ambayo Waingereza waliifanya jela. Ronald Ngala, mwalimu wa Pwani aliyeongoza chama cha KADU tangu 1960 na kupigania majimbo, yaani kila eneo liwe na serikali yake, tumemwekea jina kwenye barabara na shule. Mtoto anayepita hapo kila siku hajui alikuwa nani.

Msimamo wangu: nyumba za viongozi wa Pwani zilizobaki zihifadhiwe kwa pesa za umma, kwa makubaliano ya maandishi na familia.

Wapo wanaosema mifereji ni mikavu, iweje tukarabati nyumba ya marehemu? Kilio cha maji ni cha haki, nami nakilia. Lakini miaka yote hii ambayo nyumba hizo hazikuhifadhiwa, maji yalikuja?

Wengine wanahofia watu kwenda kutabaruku, kutafuta baraka kaburini. Hofu hiyo naiheshimu, ndiyo maana nazungumzia nyumba na nyaraka. Kaburi libaki la wenyewe.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya tatu: kwamba familia na wanasiasa watapaka rangi historia. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kuingia KANU, chama tawala cha Kenyatta, na baadaye Ngala akawa waziri. Wako wazee hapa Pwani ambao jambo hilo halijawatoka moyoni mpaka leo. Wengine wanaona alikuwa hana njia nyingine. Makumbusho yatakayoruka ukurasa huo yasipewe hata shilingi. Pande zote mbili ziandikwe ukutani, kwa Kiswahili kwanza.

Na tusicheleweshe. Angalieni Mji wa Kale: nyumba za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, lipu ya chokaa. Chokaa huuacha ukuta upumue. Fundi wa haraka akija na simiti, unyevu na chumvi hukwama ndani, lipu inavimba, inabanduka na vipande vya jiwe, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Mlango wa nakshi ukishauzwa, haurudi. Nyumba ikifika hapo, hakuna bajeti itakayoirudisha ilivyokuwa.

Sasa nataka kuwasikia hasa nyinyi ambao familia zenu zinamiliki nyumba za namna hii. Mungekubali masharti gani? Ufunguo akae nao nani, na kiingilio kigawanywe vipi?